Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo na Seneti: Msimpime Profesa wa Fiziolojia kwa wastani wa mwaka wa kwanza peke yake

Moshi

Kwa Mkuu wa Chuo, Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma, na wajumbe wote wa Seneti.

Waheshimiwa,

YAH: MAONI YA WANAFUNZI KUHUSU UFUNDISHAJI WA FIZIOLOJIA

Ninaandika nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa Udaktari wa Tiba. Tulipokuwa mwaka wa kwanza nilikuwa kiongozi wa darasa, na kwa nafasi hiyo nilisikia, pengine kuliko mwenzangu yeyote, yaliyosemwa kuhusu Profesa anayefundisha Fiziolojia. Jina lake silitaji, na la chuo silitaji pia, kwa kuwa wanaohusika watajitambua na wasiohusika hawana haja nalo. Kilichonisukuma kuandika ni habari iliyotufikia kwamba mkataba wake unapitiwa upya, na kwamba miongoni mwa nyaraka zitakazowekwa mezani ni wastani wa alama tulizompa sisi wanafunzi kwenye fomu ya tathmini ya mhadhiri. Siombi mkataba huo uongezwe, wala siombi usiongezwe. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuutumia wastani ule mjue umetokana na nini, maana sisi tulioujaza tunajua.

Fomu yenyewe hujazwa ndani ya mfumo wa matokeo. Mwanafunzi akishatoka kwenye mitihani ya mwisho wa muhula hawezi kuona alama zake mpaka awe amemtathmini kila mhadhiri aliyemfundisha, kozi baada ya kozi, kwa kuchagua namba kuanzia 1 hadi 5. Anaingia kwa namba yake ileile ya usajili. Ameambiwa kwamba maoni yake ni siri, lakini hakuna aliyewahi kumweleza siri hiyo inalindwa vipi, na darasani kwetu walikuwapo walioamini kabisa kwamba Profesa huona jina la kila aliyempa 1. Basi wengi hubonyeza 3 kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho ili mfumo ufunguke, baadhi humpaka mhadhiri mafuta kwa mgongo wa chupa, na waliobaki, ambao aghalabu ndio wenye hofu ya sapu, yaani kurudia mtihani, humwaga hasira zao zote mahali pamoja. Hayo ndiyo maoni ya wanafunzi yanayofika kwenu yakiwa yamegeuzwa kuwa namba yenye nukta.

Namba hiyo inaficha zaidi ya inavyoonyesha. Profesa huyu ni mtu wa kupendwa sana au kuchukiwa sana. Nusu ya darasa ikimpa 5 na nusu nyingine ikimpa 1, mfumo utajumlisha, utagawanya, na kutangaza kwamba ni mhadhiri wa 3, yaani wa kawaida, wakati hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona kuwa wa kawaida. Ningependa kuona siku moja Seneti ikiletewa mgawanyo wa alama badala ya wastani, na pamoja na mgawanyo huo maneno ambayo wanafunzi waliandika kwenye nafasi ndogo iliyo chini ya fomu, ambayo kwa kadiri nijuavyo hakuna anayeisoma.

Yapo pia maswali ambayo sisi hatukustahili kuulizwa. Fomu inauliza kama mhadhiri analimudu somo lake. Kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka huohuo, ambaye bado anatafuta tofauti kati ya ateri na vena, atajuaje kama profesa wa Fiziolojia anaijua Fiziolojia? Atakachopima ni sauti, kujiamini na ucheshi. Hata waliobobea hudanganyika kwa namna hiyo. Mwaka 1970 nchini Marekani, mwigizaji mmoja alitambulishwa kwa jina la uongo la Dk. Myron L. Fox, akahutubia kikao cha wataalamu wa magonjwa ya akili na wenzao kwa hotuba iliyojaa vichekesho na maneno yanayopingana, isiyo na maarifa yoyote ndani yake; waliomsikiliza walimsifu kwenye fomu walizopewa, na ripoti ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 1973. Ikiwa madaktari waliokomaa waliridhika na hotuba tupu, si haki kumtwika mwanafunzi wa muhula wa pili kazi ya kuthibitisha elimu ya profesa.

Lakini penye wengi pana mengi, na sitaki barua hii isomeke kama utetezi. Baadhi ya malalamiko ya darasa letu yalikuwa ya kweli tupu, na ni hayo ambayo wastani umeyameza.

La kwanza kwa uzito ni aibu. Profesa ana tabia ya kumwinua mwanafunzi katikati ya mhadhara, kumuuliza swali, na akikosea kumfanyia mzaha mbele ya darasa zima. Kwake yeye pengine ni namna ya kuamsha usingizi wa mchana. Amesomeshwa hivyo, na walimu wake nao walisomeshwa hivyo. Kwa wasichana waliotoka shule za wasichana watupu na kwa vijana waliotoka sekondari za kata ambako Kiingereza hakikuwa cha kuzungumzwa, mzaha huo ulifunga midomo kwa muhula mzima. Nilipokusanya maoni kwa ajili ya kikao cha darasa na idara, hili lilirudiwa na watu ambao katika mambo mengine walimsifu. Kwenye fomu halina mahali pake. Limejificha ndani ya kipengele kimoja kinachoitwa mahusiano na wanafunzi, ambacho kinachanganya humo humo kama mhadhiri anapatikana ofisini, kama anajibu ujumbe, na kama anarudisha alama za majaribio kwa wakati. Huyu anapatikana ofisini wakati wote, na anarudisha alama mapema kuliko wenzake. Alama ya kipengele hicho ikawa nzuri, na mwanafunzi aliyedhalilishwa hakuonekana.

Kisha kuna sehemu ya mfumo wa neva. Kila mwaka, na nimeuliza waliotutangulia na waliotufuata, Profesa huchukua muda mrefu kwenye moyo, mapafu, figo na utumbo, halafu ubongo na uti wa mgongo hukimbizwa katika wiki za mwisho kwa slaidi zilizobanana. Tulilalamika mwaka wa kwanza, na sasa tunapokutana wodini na mgonjwa wa kiharusi, au mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, tunalalamika bado. Hapo muda haujamtetea.

Malalamiko mengine yalimwangukia yeye lakini hayakuwa yake. Kipaza sauti cha ukumbi mkubwa kilikuwa kibovu, na waliokaa nyuma walimpa alama ndogo kwenye swali la kusikika. Mashine ya kupimia pumzi ilikuwa moja kwa darasa zima, kwa hiyo katika zoezi la mapafu wachache walipuliza na sisi wengine tulinakili namba zao. Alama ya mafunzo kwa vitendo ikashuka, na iliandikwa kwenye jina la Profesa. Sijui ni mhadhiri gani angeweza kupata 5 katika mazingira hayo. Vifaa hununuliwa na chuo, na alama hiyo ilipaswa kwenda kwa anayenunua.

Suala la lugha ni gumu zaidi. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na tukafika chuoni tukiwa hodari wa kukariri sentensi za Kiingereza ambazo tusingeweza kuzieleza kwa maneno yetu wenyewe. Profesa analijua hilo. Akifika mahali pagumu huacha Kiingereza, hueleza kwa Kiswahili kilichonyooka, kisha hurudi. Wapo waliomshukuru kwa hilo. Wenzetu wachache waliotoka nchi ambazo Kiswahili hakizungumzwi walilalamika, nao walikuwa na haki, kwa kuwa waliachwa nje ya dakika muhimu kuliko zote. Kilichonishangaza ni kundi la tatu: Watanzania waliomshusha alama kwa madai kwamba kueleza sayansi kwa Kiswahili si taaluma. Sasa tuko wodini, na hakuna mgonjwa wa Rombo au Hai anayetusubiri tumalize kufikiri kwa Kiingereza. Waliosikia namna figo inavyofanya kazi kwa lugha yao ndio wanaoweza kumweleza mzee wa Marangu kwa nini dawa yake ya presha inampeleka chooni mara kwa mara. Hata hivyo kero ya wenzetu wa nje inabaki, na dawa yake ni semina za makundi madogo, ambazo ziko kwenye ratiba lakini hazina watu wa kuziendesha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niamini kwamba maoni yetu yalichukuliwa mapema mno.

Mhadhara ulioleta manung'uniko mengi kuliko yote ni ule wa namna utumbo mwembamba unavyofyonza chumvi na maji. Profesa alitumia kipindi kizima juu ya protini moja iliyo kwenye utando wa seli za utumbo, ambayo huingiza sodiamu mwilini ikiwa imeambatana na glukosi, kisha maji yakafuata. Hakuonyesha slaidi, alichora ubaoni, akafuta, akachora tena. Alitueleza kwamba wazo hilo lilitolewa na mwanasayansi Robert Crane huko Prague mwaka 1960, na kwamba katika kipindupindu, ambapo seli za utumbo humwaga chumvi na maji bila kikomo, mlango huu wa sodiamu na glukosi huendelea kufanya kazi. Wanafunzi walikuwa wamekuja na madesa, yaani muhtasari wa masomo unaorithishwa, ya miaka iliyopita, na ndani yake jambo hilo lilikuwa na mistari miwili. Kwenye mtihani lilitoka kwa alama chache. Maoni yaliyofuata yalikuwa yaleyale kutoka kila upande: anapoteza muda, hafuati mtaala, anafundisha anachokipenda.

Mwaka wa nne tumezunguka wodi ya watoto. Anakuja mama na mtoto anayeharisha, macho yamezama, ngozi ukiifinya inachelewa kurudi. Mama anasema amejitahidi sana, amempa soda na juisi kwa wingi ili apate nguvu. Mwanafunzi anayejua mlango ule anajua papo hapo kilichotokea: sukari iliyozidi haikufyonzwa yote, ikabaki ndani ya utumbo, ikavuta maji kutoka mwilini, na kuharisha kukaongezeka. Anajua pia kwa nini pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha, lazima ichanganywe na lita moja kamili ya maji, si kikombe na si ndoo. Kwa nini mchanganyiko uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002 una milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa kila lita. Na kwa nini mtoto anayeweza kunywa hahitaji kuchomwa dripu kwa sababu tu mzazi anaiamini dripu zaidi. Mwanafunzi aliyesoma mistari miwili ya madesa anajua kwamba mtoto apewe ORS. Mama akimuuliza kwa nini soda haifai, hana jibu, na mama ataondoka akiwa bado anaiamini soda.

Hali ni hiyohiyo kwa mhadhara wa upumuaji, ambao Profesa huuanza na Mlima Kilimanjaro. Huuliza kwa nini waongoza watalii huwaambia wageni wao "pole pole" tangu getini, kisha hutembea na darasa mpaka kileleni, mita 5,895, ambako shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la usawa wa bahari. Mwili hukosa oksijeni, mtu hupumua kwa kasi, kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, damu huelekea kuwa ya alkali, na figo huhitaji siku kadhaa kuirekebisha hali hiyo. Anayepanda haraka hazipi figo zake siku hizo. Kwenye maoni ya mwaka wa kwanza hili liliandikwa kuwa ni kutoka nje ya mada. Mwenzangu mmoja aliyeliandika hivyo alikuwa zamu usiku alipoletwa mpagazi aliyeteremshwa mlimani akiwa na maji kwenye mapafu, na kesho yake asubuhi ndiye aliyesimama kutueleza sisi wengine kwa nini oksijeni na kushuka chini ndiyo tiba ya kwanza. Mimi simcheki, alipoandika maoni yale hakuwa amewahi kumwona mgonjwa. Wa kuulizwa ni waliomtaka atoe hukumu kabla hajamwona.

Jambo hili limechunguzwa kwingine. Mwaka 2010 Scott Carrell na James West walichapisha utafiti uliofanyika katika chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kilichoko Colorado, ambako wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua na hufanya mitihani inayofanana. Waligundua kwamba walimu waliowapa wanafunzi alama nzuri katika kozi ya mwanzo ndio waliosifiwa kwenye fomu, lakini wanafunzi wao walifanya vibaya zaidi kwenye kozi zilizofuata, hali walimu wenye uzoefu, ambao hawakusifiwa sana, waliwaandaa wanafunzi wao vizuri zaidi kwa kozi za mbele. Ni kweli kwamba sisi si chuo cha kijeshi, na kilichopimwa zaidi kilikuwa hisabati, si Fiziolojia. Lakini mpangilio ni uleule: somo la msingi mwaka wa kwanza, na matumizi yake miaka ya baadaye. Kisha mwaka 2018, huko Toronto nchini Kanada, msuluhishi aliyesikiliza mgogoro kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson na wahadhiri wake aliamua kwamba alama za fomu za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo na kutoa ajira za kudumu. Hakusema wanafunzi wasiulizwe. Alikubali kwamba wao ndio wenye habari za darasani. Alichokataa ni kuugeuza wastani wao kuwa hukumu juu ya ajira ya mtu.

Nami sisemi tusiulizwe. Nasema tuulizwe tena. Wanafunzi wa mwaka wa nne na madaktari walio kwenye utarajali waulizwe kuhusu walimu wao wa mwaka wa kwanza, kwa maswali machache wanayoweza kuyajibu: ni nini ulichofundishwa kimekusaidia wodini, ni nini kilikosekana, ni nini ulilazimika kujifunza upya. Majibu hayo yawekwe pamoja na ya mwaka wa kwanza, kwa kuwa ya mwaka wa kwanza nayo yana kazi yake. Ni mwaka wa kwanza pekee wanaoweza kusema kama walisikia, kama walidhalilishwa, kama vifaa vilitosha. Kila mmoja aulizwe alichokishuhudia.

Naomba pia fomu itenganishwe na matokeo. Kama hofu ya ofisi ni kwamba wanafunzi hawatajaza wasipolazimishwa, wapeni sababu ya kujaza. Katika miaka hii yote hatujawahi kuona tangazo moja linalosema kwamba wanafunzi walilalamikia jambo fulani na chuo kimefanya jambo fulani. Tulipoandika kuhusu kipaza sauti hatukujibiwa, na walioingia baada yetu waliandika yaleyale. Mtu ataandika kwa uangalifu akijua kwamba kuna anayesoma.

Kuhusu kudhalilishwa darasani, jambo hilo lisisubiri fomu yoyote. Pawe na mtu, asiye wa idara husika, ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea katikati ya muhula, na Profesa mwenyewe aitwe aelezwe kwa heshima inayomstahili mtu wa umri wake. Ninavyomfahamu, sidhani kama amewahi kuambiwa. Namba zake za mahusiano ni nzuri, na yeye husoma namba hizo kama mnavyozisoma ninyi.

Na kuhusu mfumo wa neva, suluhisho liko mikononi mwa Idara na si la mkataba: sehemu hiyo ipangiwe wiki zake mwanzoni mwa muhula wa pili, au ipewe mhadhiri mwingine, na yeye aachiwe moyo, mapafu, figo na utumbo, ambako kila ninayekutana naye wodini anamtaja.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sasa wanakaribia mitihani, na baada ya hapo mfumo utawafungulia fomu ileile yenye maswali yaleyale. Tunaomba majibu ya Seneti yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa Idara kabla ya siku hiyo. Endapo hayatakuwa tayari, basi walau watangaziwe kwa maandishi kwamba matokeo yao yatafunguka hata wasipojaza, na kwamba alama watakazotoa hazitatumika kuamua mkataba wa mtu yeyote hadi utaratibu utakapopitiwa.

Wenu katika taaluma,

Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Udaktari wa Tiba
Moshi

Nakala: Mkuu wa Idara ya Fiziolojia, Kitengo cha Uhakiki wa Ubora, Serikali ya Wanafunzi